Ndoa kama Ngazi katika Pride and Prejudice

Katika riwaya hii ya Jane Austen (1813), usikimbilie kuandika kwamba Charlotte Lucas ni mpenda mali. Majibu ya aina hiyo nimeyasahihisha mengi. Huambulia alama moja. Jiulize: ana nini? Ana miaka 27, hana urithi wa maana, wala hakuna kazi ya heshima kwa binti wa tabaka lake. Collins, ingawa anachosha, ni kasisi mwenye nyumba, na ndiye atakayerithi Longbourn kwa kuwa masharti ya urithi yanawafungia nje mabinti wa Bennet.

Mlinganishe na Caroline Bingley. Huyu anawabeza jamaa za Elizabeth walio wafanyabiashara, ilhali mali ya kwao ilitokana na biashara vilevile, na kakake angali anakodi Netherfield. Anamwinda Darcy, mwenye Pemberley na pauni 10,000 kwa mwaka, ili harufu ya duka imtoke.