Asali ya Tura na Sukari ya Damu

Asali ni sukari, na mwili wa mgonjwa wa kisukari huipokea hivyo. Kuzunguka Tura, wilayani Uyui, mahali ambapo misafara ya kutoka pwani iliingia Unyamwezi baada ya kuvuka nyika ya Mgunda Mkali, mizinga ya magome na magogo hutundikwa kwenye miti ya miombo, na asali yake husifiwa kwa utamu na kwa tiba. Sifa hiyo ya tiba huwafanya wengi wenye kisukari waache sukari ya dukani na kuhamia asali, wakiamini kuwa kitu cha porini hakipandishi sukari ya damu.

Katika gramu 100 za asali, fruktosi ni kama gramu 38, glukosi kama 31 na maji kama 17. Glukosi huingia moja kwa moja kwenye damu, na kongosho humwaga insulini ili seli ziipokee. Fruktosi hupitia kwenye ini, kwa hiyo haiiamshi insulini kwa nguvu hiyo. Ikizidi, ini huigeuza mafuta. Ndiyo maana katika kipimo cha kasi ya kupandisha sukari, ambamo glukosi tupu hupewa 100, asali huwa karibu na 60 na sukari ya mezani karibu na 65. Nafuu hiyo ndogo humalizwa na kijiko. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Cha asali, ambayo ni nzito, hubeba karibu gramu 6 za sukari. Anayetia viwili vya asali badala ya viwili vya sukari ameongeza.

Vibadala halisi vya sukari ni jamii nyingine. Sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, huizidi sukari kwa utamu mara 300 hivi, aspatemu mara 200, sukralosi mara 600. Chembe inayotosha kikombe haipandishi glukosi, na kwa kawaida insulini haishtuki. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2022 uliofanywa Israel kwa watu 120 uliona sakarini na sukralosi zikivuruga upokeaji wa glukosi kwa baadhi yao, na bakteria wa utumbo wakahusishwa. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vibadala visitumiwe kudhibiti uzito, ushauri ambao haukuwagusa waliokwisha kuwa na kisukari.

Chai ya sakarini ikisindikizwa na sahani ya matobolwa, sukari itapanda vilevile, kwa kuwa viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ni wanga mtupu. Hapa ndipo wengi hukilaumu kidonge cha utamu bure.

Kuna wakati mmoja asali humfaa mgonjwa kuliko kibadala chochote. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, sukari yake ya damu ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa. Anahitaji gramu 15 hivi za sukari mara moja, kiasi kilichomo katika kijiko kikubwa kimoja cha asali, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Sakarini hapo haisaidii kitu. Aliyepoteza fahamu halishwi chochote mdomoni, hukimbizwa hospitali.