Saiwa: ingia kwa miguu, zunguka kwa baiskeli

Ukitoka Kitale kuelekea Kapenguria, baada ya kilomita ishirini na kitu unafika njia panda ya mbuga ambayo wengi huipita bila kujua wameipita. Mbuga ya Taifa ya Saiwa ina kilomita za mraba 3 hivi, ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini Kenya. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, yule swala mwenye manyoya marefu anayeishi kwenye maji.

Ndani hamna barabara ya gari. Unaacha gari langoni unaanza kutembea: vijia vya msituni, vidaraja vya mbao juu ya kinamasi, na minara ya mbao ya kuchungulia. Kuna wanaolalamika kwamba ni usumbufu, hasa waliozoea kutazama simba wakiwa wamekalia kiti. Lakini kinamasi ukikitazama dirishani ni nyasi ndefu tu. Mambo yake mengi yako chini, na utayajua kwa pua, kwa masikio, na kwa kijiti.

Tuanze na pua. Ukipita juu ya kidaraja halafu ukasikia harufu ya yai viza, usidhani kuna mzoga. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyosafiri hewani. Kwa hiyo tope likishajaa maji, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo haraka kuliko inavyoweza kurudi. Hapo bakteria wa aina nyingine wanashika zamu, wale wanaopumua bila oksijeni. Wengine hutumia salfeti, na hao ndio wanaotoa hiyo harufu. Wengine hutoa methani, ambayo haina harufu. Ni vile viputo unavyoviona vikipanda.

Lakini matete yanaishije kwenye tope lisilo na hewa? Tafuta tete lililovunjika pembeni ya njia (la kung'oa hapana, hii ni mbuga) uangalie lilipokatika. Ndani kuna vijitundu kama sifongo. Ni mabomba ya hewa: mmea unavuta oksijeni juu na kuishusha hadi mizizini, na kiasi fulani huvuja na kuingia kwenye tope.

Sasa kijiti. Pembeni, mahali maji yametuama, mara nyingi utaona utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na mtu wa kwanza kuuona atasema ni mafuta ya gari. Uguse na kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kioo, si mafuta. Ni chuma: kimeyeyuka kwenye tope lisilo na oksijeni, kikapanda juu, kikakutana na hewa, na bakteria wakakigeuza kuwa kutu nyembamba. Mafuta halisi yangezunguka kijiti kisha yakajifunga tena. Jaribio lenyewe ni la sekunde tano, na linafaa kwa mtaro wowote ule.

Na nzohe mwenyewe? Nenda alfajiri au jioni, panda mnara, nyamaza. Dume ana pembe zilizojipinda, jike ni mwekundu zaidi. Ukibahatika kumwona akitembea, angalia kwato: ni ndefu na zinapanuka. Chukua mwiko uusimamishe kwenye uji mzito, utazama. Uulaze, utakaa juu. Uzito ni uleule, ila umeenea eneo kubwa zaidi. Akitishwa, nzohe huingia kwenye maji akabaki pua tu nje. Shida ni kwamba kwato hizohizo ni mzigo kwenye ardhi ngumu. Huko hakimbii vizuri. Na nje ya uzio wa Saiwa kila upande ni mashamba. Maana yake kinamasi kikikauka, au kikijaa udongo, nzohe hawa hawana pa kuhamia.

Ndiyo maana tunasema ziara ya Saiwa haiishii langoni. Hatima ya hizo kilomita 3 inaamuliwa mlimani, kule maji yanakotoka, na huko ni vizuri uende kwa baiskeli. Kutembea ni mbali, na gari halikuambii mteremko, ila miguu ikiwa kwenye pedali hata mwinuko mdogo unausikia. Kila unapoacha kukanyaga na baiskeli ikajiendea yenyewe, ujue mvua nayo inaelekea hukohuko. Hata ile Black Mamba ya mjomba isiyo na gia inatosha, bora breki zishike.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni mikaratusi iliyopandwa karibu na vijito. Inakua haraka na inalipa vizuri, hatumlaumu mkulima, ila inakunywa maji mengi, na mahali pake si ukingoni mwa kijito. La pili ni umbali kati ya mstari wa mwisho wa mahindi na maji. Pakiwa na ukanda wa nyasi, mvua inaacha udongo hapo. Pasipokuwa na kitu, udongo unashuka pamoja na DAP na CAN.

Kinamasi kinaweza kusafisha sehemu ya mbolea hiyo. Wale bakteria wasiotumia oksijeni hubadilisha nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ambayo tayari ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na mchezo unaishia hapo. Fosforasi ni habari nyingine. Haina njia ya kugeuka gesi ikaondoka. Inajishika kwenye tope na kukaa, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema kinamasi ni chujio, muulize: chujio hilo linamwagwa wapi likijaa? Kinachopita kinaingia mto Nzoia, na Nzoia unamwaga Ziwa Victoria, ambako gugumaji linakisubiri.

Ukitaka kujionea, beba chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga. Chota maji ya mto kwenye daraja la barabara lililo juu ya kinamasi, halafu kwenye daraja lililo chini yake, siku ileile, ikiwezekana asubuhi baada ya mvua kubwa. Nawa mikono. Ziache zitulie usiku kucha, kisha pima kwa rula tope lililokaa chini. Jaribio hili halikuonyeshi nitrati wala fosforasi, udongo tu, lakini udongo ndio unaobeba sehemu kubwa ya fosforasi.

Msimu mzuri wa baiskeli ni Desemba hadi Februari, njia zikiwa kavu. Kwa chupa subiri Aprili. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna baridi, beba sweta. Kama Saiwa ni mbali, Ondiri iko Kikuyu, mahali mto Nairobi unapoanzia, na Dunga iko Kisumu palepale. Popote utakapokwenda, andika jina la daraja kwenye kila chupa kabla hujachota, maana zikishatulia huwezi kukumbuka ipi ilitoka wapi.