Ganzi ya Mkono, Chanzo Shingoni

Vidole vikifa ganzi, wengi wetu huutazama mkono. Mara nyingi tuko sahihi, maana neva inayopita kwenye kifundo cha mkono hubanwa sana. Lakini wapo ambao tatizo lao liko juu zaidi, pale mzizi wa neva unapochomoza kati ya pingili za shingo. Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za mizizi. Unaobanwa mara nyingi kuliko yote ni wa 7, utokao kati ya pingili ya 6 na ya 7.

Kipimo cha umeme huanza kwa kusisimua neva za hisia mkononi. Mwenye mzizi uliobanwa hupata majibu mazuri, hata kwenye kidole anacholalamikia. Wagonjwa hudhani mashine imekosea. Haijakosea. Seli mama za neva ya hisia zimekaa nje ya mahali panapobanwa, hivyo uzi unaoshuka mkononi bado unalishwa nazo na uko hai. Kilichozibwa ni njia ya kupanda kuelekea uti wa mgongo. Tatizo likiwa kifundoni, majibu hayohayo ndiyo huharibika.

Kisha huingia sindano nyembamba kwenye misuli. Msuli unaonyoosha kiwiko na ule wa kigasha unaokunja kifundo hupata neva mbili tofauti. Yote miwili ikionyesha hitilafu, kinachoiunganisha ni mzizi wa 7. Mzizi wa 5 hujitokeza begani, wa 8 kwenye misuli midogo ya kiganja. Wa 6 ndio msumbufu: mwaka 1996 madaktari wa Marekani walilinganisha matokeo ya sindano na yaliyoonekana kwenye upasuaji wa wagonjwa 50, wakakuta mara unafanana na wa 5, mara na wa 7. Kwa hiyo ripoti ikisema “wa 6 au wa 7”, mimi huiona ni ya mpimaji mwaminifu.

Dalili za sindano huchukua takriban wiki 3 kukomaa mkononi, na zikibanwa nyuzi za hisia peke yake, sindano haioni kitu. Mweleze daktari tarehe maumivu yalipoanza. Lakini miguu ikilegea, au ukishindwa kuzuia mkojo, usingoje kipimo hiki: nenda hospitali siku hiyohiyo.