Saa Iliyomo Ndani ya Majivu ya Ngorongoro

Anayesafiri kutoka mji wa Karatu kuelekea Serengeti hupita lango la Lodoare, akapanda katikati ya msitu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha akateremka upande wa pili kwenye nyika kavu. Huko ndiko liliko bonde la Oldupai, lililopata jina lake kwa mkonge pori ambao Wamasai huuita oldupai. Wageni kutoka Ulaya walilisikia vibaya jina hilo, wakaandika Olduvai, na kosa lao likaenea duniani kote.

Wanafunzi wengi hupelekwa bondeni humo kwa ziara za masomo. Mtoto hutazama tabaka za udongo, akaambiwa kwamba zina umri wa karibu miaka milioni mbili, na jioni anarudi nyumbani na swali: “Wamejuaje? Nani alikuwapo akahesabu?”

Wazazi wengi hulikimbia swali hili, wakihofu kwamba litamfikisha mtoto mahali pa kuitilia shaka imani yake. Sisi tunaona kwamba hatari kubwa zaidi imo katika kulikimbia. Mtoto aliyenyamazishwa na babaye au mamaye hataacha kuuliza; atakwenda kuuliza kwingine, na pengine kwa mtu asiyejali imani yake wala malezi yake. Basi na tulijibu, ndugu msomaji, kadiri elimu iliyopo inavyoturuhusu.

Birika na matone

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona katika ardhi ya Oldupai mabaki ya fuvu la kale. Mumewe, Louis Leakey, aliliita Zinjanthropus. Neno Zinj si geni kwetu: ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliliita eneo la pwani yetu. Leakey alikisia kwamba fuvu hilo lilikuwa na umri wa miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961, baada ya Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuyapima majivu ya volkano yaliyolizunguka, jibu lilikuwa miaka milioni 1.75. Bingwa aliyechimba bonde hilo kwa miaka mingi alikuwa amekosea kwa karibu mara tatu, naye akakubali kipimo. Fuvu hilo leo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Kipimo chenyewe kilifanyikaje? Mawe ya volkano yana potasiamu, madini yale yale yaliyomo katika ndizi na katika mbolea za shambani. Takriban atomu 1 katika kila 10,000 za potasiamu ni ya aina isiyotulia, nayo hugeuka kidogo kidogo. Nusu ya aina hiyo huisha baada ya miaka bilioni 1.25, na sehemu yake huwa gesi iitwayo agoni. Mlima unapolipuka, mawe yaliyoyeyuka huitoa gesi yote ya zamani. Yakishapoa, gesi mpya inayozaliwa hunaswa ndani ya fuwele zake. Ni mithili ya birika lililomwagwa maji yote, kisha likawekwa chini ya bomba linalodondosha matone kwa kasi isiyobadilika. Anayeijua kasi ya matone, akaona maji yamefika wapi, anajua ni muda gani umepita tangu birika limwagwe.

Mtoto mwerevu atauliza tena: nani alithibitisha kwamba kasi ya matone haibadiliki? Hapa ndipo fizikia ya nadharia inapoingia. Mgeuko wa potasiamu unatawaliwa na kani iliyo ndani kabisa ya atomu, iitwayo kani dhaifu, ambayo joto la tanuri wala baridi ya kilele haiiharakishi. Abdus Salam wa Pakistan, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg wa Marekani, walionyesha kwa hesabu kwamba kani hiyo na ile ya umeme na sumaku zina asili moja. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1979. Salam ndiye pia aliyeanzisha, mwaka 1964, kituo cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zetu changa. Tangu mwaka 2018 kituo hicho kina taasisi dada mjini Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Mzazi mwenye kijana anayependa hesabu na alijue hilo.

Majani na mzunguko wa dunia

Majivu hutupa umri. Lakini mahali hapo palikuwaje? Jibu limetoka kwa mimea. Mkulima wa Karatu hupanda mahindi, na pia ngano na mbaazi. Kule Mang'ola, karibu na ziwa Eyasi, hustawi vitunguu. Mahindi na nyasi za nyika huikamata kaboni ya hewani kwa njia moja. Ngano, mbaazi, vitunguu na miti mingi huikamata kwa njia nyingine. Kila njia huacha alama yake katika nta inayofunika jani. Jani huoza, lakini nta hudumu katika tope la ziwa.

Mwaka 2013 Clayton Magill, Gail Ashley na Katherine Freeman walichapisha utafiti wa nta iliyohifadhiwa katika tope la ziwa la kale la Oldupai. Walikuta kwamba katika muda wa miaka 200,000 hivi, kati ya miaka milioni 2 na milioni 1.8 iliyopita, mahali hapo paligeuka kutoka msitu kuwa nyika na kurudi tena mara tano au sita.

Sababu waliitafuta mbinguni. Sisi tunaoutazama mwezi mwandamo tunajua kwamba mienendo ya angani ina hesabu. Mhimili wa dunia nao huyumba polepole, kama pia ya watoto inayozunguka. Katika mizunguko ya miaka 20,000 na zaidi, kuyumba huko hubadilisha nguvu ya jua katika majira na, pamoja nayo, mvua za Afrika Mashariki.

Mawe nayo yamepimwa kwa njia ya mafundi wa leo. Mwaka 2020 Alastair Key, Tomos Proffitt na Ignacio de la Torre walitoa matokeo ya kupima kwa mashine ukali na uimara wa mawe ya Oldupai. Jiwe la kwatsaiti lilikuwa kali zaidi. Mawe ya volkano yalidumu zaidi. Waliotengeneza zana za kale walichagua jiwe kulingana na kazi, kama mpishi anavyojua kisu kipi cha nyama na kipi cha kitunguu. Mwaka 2025 vikatangazwa pia vifaa 27 vya mifupa, vingi vyavyo vya tembo na kiboko, vyenye umri wa miaka milioni 1.5.

Kilichopimwa na kilichokisiwa

Ni lazima tutofautishe mambo mawili. Umri wa majivu hupimwa. Nani alikishika kifaa, alifikiri nini, na ana nasaba gani nasi, hayo hukisiwa kwa ushahidi, na wataalamu hubishana. Leakey mwenyewe alidhani kwanza kwamba mwenye fuvu la Zinj ndiye aliyechonga zana za mawe. Baadaye yalipopatikana mabaki mengine, yaliyopewa mwaka 1964 jina la Homo habilis, aliibadili rai yake. Rai ilibadilika; majivu yalibaki na umri wake.

Kuhusu baba yetu Adamu, amani iwe juu yake, Kurani Tukufu haikututajia idadi ya miaka tangu kuumbwa kwake. Mjadala wa wanazuoni juu ya jambo hilo una mahali pake, nao haumalizwi na ukurasa wa gazeti. Lakini kupima umri wa jiwe si kumkanusha Muumba wa jiwe. Takriban miaka elfu moja iliyopita, Abu Rayhan al-Biruni aliona kwamba mawe ya mito ya Bara Hindi ni makubwa karibu na milima, na kadiri mto unavyokwenda mbali huwa madogo hata yakawa mchanga. Akahitimisha kwamba tambarare ile ilikuwa bahari, ikajazwa na mito. Imani yake haikumzuia kutazama.

Mbegu zilizosahauliwa

Kusini ya Oldupai, ndani ya Ngorongoro, ipo Laetoli. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua hapo nyayo zilizokanyaga majivu mabichi miaka milioni 3.66 iliyopita. Mwaka 1979 zilifukiwa tena ili zisiharibiwe na mvua na wanyama. Lakini katika mchanga uliotumika mlikuwamo mbegu za migunga. Zikaota, zikawa miti, na mizizi yake ikatishia nyayo zilizokusudiwa kulindwa. Katika miaka ya 1990, Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani ziliiondoa miti hiyo na kuzifukia nyayo upya kwa uangalifu zaidi. Elimu ya mifupa ilihitaji elimu ya mbegu.

Basi mtoto wako akirudi kutoka Ngorongoro na swali lake, usimfokee. Keti naye umwulize: wamepimaje? Nani mwingine amepima akapata jibu hilo hilo? Kipi wamekipima, na kipi wamekikisia? Na usipojua, mwambie, “Mwanangu, sijui, tutafute pamoja,” kisha mtafute kweli. Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, sisi na watoto wetu. Amin.