Namba Bila Herufi

Ukipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Jumamosi mchana, utamsikia muuzaji wa sidiria akimpima mteja kwa macho: "Wewe 38, dada yangu." Dada analipa na kuondoka. Hajajaribu, hajapimwa, na ile herufi iliyochapwa kando ya namba hakuna aliyeitaja.

Herufi hiyo ni nusu ya kipimo. Namba inahusu mzunguko wa mbavu chini ya matiti. Herufi inaonyesha titi limejitokeza kiasi gani kuzidi mbavu hizo. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima chini ya matiti, ikibana kidogo: tuseme inchi 34. Pima tena palipojaa zaidi, bila kubana: inchi 38. Kwa hesabu ya Waingereza, tofauti ya inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Mwanamke huyu ni 34D.

Dukani atauziwa 38B, na akiivaa ataona vikombe vimemkaa. Mtego ndio huo. Kikombe cha 34D, cha 36C na cha 38B vina ujazo mmoja. Kinachotofautiana ni mkanda wa kuzunguka kifua, na mkanda huo ndio unaopaswa kubeba sehemu kubwa ya uzito. Titi lenyewe halina msuli. Linashikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba ambazo daktari Mwingereza, Astley Cooper, alizieleza mwaka 1840. Mkanda ukilegea unapanda mgongoni, mbele kunashuka, na mwenyewe anakaza kamba za mabegani mpaka zinamchora alama. Wangapi wanarudi nyumbani jioni mabega yanawauma, wakiyalaumu matiti yao! Inanisikitisha, kwa sababu matiti hayana kosa lolote.

Mtumba si jibu. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani zilizotumika, na hata tukiacha suala la afya, mpira wa sidiria iliyokwishavaliwa umechoka kabla hujaulipia.

Basi jaribu kabla ya kulipa, hata juu ya fulana nyepesi kama duka halina chumba. Funga kwenye kishikizo cha nje kabisa, kwa kuwa mpira utatanuka na utahitaji vile vya ndani baadaye. Inama, ingiza matiti yote kwenye vikombe, pamoja na nyama ya kwapani, kisha simama. Kama ni ya waya, waya ulale juu ya mbavu, usikanyage titi, na sehemu ya katikati iguse mfupa wa kifua. Nyanyua mikono: mkanda ukipanda, shuka namba moja na upandishe herufi moja. Lebo ikisema 75, usishtuke. Hiyo ni 34 kwa vipimo vya Ulaya. Mama anayenyonyesha apime upya, na akiachisha apime tena.

Nanyi wenye maduka, nawaomba: agizeni D na E kwenye namba ndogo pia, wekeni futi kaunta na pazia kwenye kona. Binti anayenunua sidiria yake ya kwanza asitangaziwe kifua chake katikati ya mtaa.