Mvuvi Aangalie Anapokanyaga

Wavuvi wa burudani wanaokwenda likizo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, huusifu sana mwezi wa Oktoba, na sababu yao inaeleweka. Trauti ni samaki wa maji baridi. Mto ukipata joto la kiangazi, oksijeni hupungua majini, naye akinaswa huchoka upesi. Majani yanapopukutika maji hupoa, na trauti wa kahawia hupanda mto Madison kutoka ziwa Hebgen. Ila wanapanda kwenda kutaga. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, kisha huyafukia mayai. Hapo hubaki kiraka cheupe sakafuni mwa mto. Buti likipita juu yake, mayai husagika. Ndiyo maana naona ustadi wa kurusha nzi bandia, chambo cha manyoya na uzi, unasifiwa kupita kiasi. Mwenye kujua pa kukanyaga ndiye fundi.

Wapo watakaouliza: trauti wa kahawia ni mgeni aliyeletwa kutoka Ulaya, alindwe kwa nini? Swali lina uzito. Katika bonde la Lamar, ndani ya hifadhi hiyohiyo, wavuvi huagizwa kuwaua trauti wageni ili wa asili wapone. Madison, kinyume chake, wa kahawia hurudishwa majini. Basi anayefuata kanuni ya kuwarudisha hai, huku akivuruga viota vyao, anajipinga mwenyewe. Na kumwachia samaki hakutoshi: aliyenaswa katikati ya kutaga ameshapoteza nguvu alizohitaji.