Linux ya Kipakatalishi Kidogo: Anza na Chipu

Kwenye maduka ya mitumba ya kompyuta ya Luthuli Avenue na Moi Avenue, Nairobi, na katika kabati nyingi za Kangemi na Kawangware, vimo vipakatalishi vya inchi kumi ambavyo wenyewe wamevikatia tamaa. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hata hivyo, mashine hizi bado zinaweza kumfaa mwanafunzi anayetaka kuandika insha, kusoma PDF na kujifunza Python.

Linux, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, si ngeni kwa mashine hizi. Asus Eee PC ya mwaka 2007, iliyoanzisha mtindo huu, ilitoka kiwandani ikiwa na Linux na RAM ya MB 512 tu.

Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kimo katika matoleo yote. Ni kama matatu zetu: chasisi ya Isuzu ni ileile, ila fundi mmoja huiundia bodi nyepesi, mwingine akaijaza skrini na spika. Kwenye kompyuta, uzito huo uko katika eneokazi, yaani madirisha yenye vivuli na huduma zinazojiwasha chinichini. RAM ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya data kwenye diski. Diski ya kuzunguka ni ya polepole kuliko RAM mara maelfu, ndiyo maana kishale huganda huku taa ikimetameta.

Kwa hiyo, kabla ya kuvutiwa na sura, uliza maswali mawili. La kwanza: chipu ni ya biti ngapi? Atom N270 ya mwaka 2008 ni ya biti 32. N450 ya mwaka 2010 inakubali biti 64. Milango ya biti 32 inafungwa: toleo la Ubuntu liliacha kuitolea kisakinishi, na lile la Debian 13 la Agosti 2025 likafuata. La pili: RAM ni kiasi gani?

Kwa N270 yenye GB 1, chagua antiX 23. Imejengwa juu ya Debian 12, ina toleo la biti 32, na hutumia IceWM, kidhibiti chepesi cha madirisha, badala ya eneokazi zito. Kwa biti 64 na GB 2, Lubuntu yenye eneokazi jepesi la LXQt inafaa. Linux Mint Xfce hukubali GB 2, lakini hutulia ikipata GB 4.

Hata hivyo, hakuna toleo litakalopunguza uzito wa kurasa za wavuti. Ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii waweza kumeza mamia ya megabaiti ya RAM, kwa hiyo fungua vichupo vichache. Ukiwa na akiba kidogo, ongeza RAM hadi GB 2 na uweke SSD, yaani diski isiyozunguka, mahali pa diski ya zamani.

Usinunue wala usifute chochote kabla ya kujaribu. Weka toleo kwenye flashi, liwashe bila kulisakinisha, kisha kagua sauti, kibodi na Wi-Fi, kwani baadhi ya chipu za Broadcom huhitaji viendeshi vya ziada. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo, nenda duka la pili.